Kiingilio Kinachopanda Ukiwa Kwenye Foleni

Asubuhi ya tarehe 31 Agosti 2024, watu wengi mno Uingereza na Ireland waliamka mapema, wakawasha simu na kompyuta zao, wakajipanga kwenye foleni isiyoonekana kwa macho. Bendi ya Oasis ya Manchester, iliyosambaratika mwaka 2009 baada ya ndugu wawili, Noel na Liam Gallagher, kushindwa kuelewana, ilikuwa imetangaza kurudi jukwaani. Tiketi ya kusimama uwanjani ilikuwa karibu pauni 150. Wengi waliofika mbele ya foleni baada ya kusubiri kwa saa kadhaa walikuta tiketi ya eneo hilohilo ikiuzwa pauni 355, nao wakatakiwa kuamua papo hapo walipe au waiache iende kwa mwingine. Bendi ilikuwa ileile, uwanja uleule na usiku uleule. Bei ndiyo iliyopanda, tena ilipanda mteja akiwa tayari amesimama kwenye foleni.

Kwa Kiswahili, pesa anayolipa mtu ili aingie kwenye dansi, taarab au mechi huitwa kiingilio, na kiingilio kwa desturi hutangazwa. Gari la matangazo hukitaja mitaani, bango hukiandika chini ya picha ya msanii, na Simba na Yanga wanapokutana, bei ya mzunguko na bei za VIP hujulikana mapema ili kila mtu ajipime mfukoni kabla hajatoka nyumbani. Kiingilio kikubwa kinaweza kuumiza, lakini hakimvizii mtu. Kinachotokea leo katika matamasha makubwa ya Marekani na Ulaya ni kitu kingine, na makala haya yanakusudia kuonyesha tofauti hiyo. Gharama za maonyesho zimepanda kweli, na wasanii wana haki ya kulipwa vizuri. Hata hivyo, bei imekimbia kuliko gharama kwa sababu muuzaji amejifunza kupima kiasi cha juu kabisa ambacho mshabiki anaweza kutoa, ilhali mshabiki hana njia ya kujua bei itakavyopangwa wala mlango mwingine wa kupitia. Tiba basi haipo katika kumlaumu mshabiki kwa kupenda muziki. Ipo katika kufungua hesabu za mlangoni na kuongeza milango.

Tuanze na takwimu. Mwanauchumi Alan Krueger wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliyeutafiti sana uchumi wa muziki hadi kifo chake mwaka 2019, alionyesha kwamba kati ya mwaka 1996 na 2003 wastani wa bei ya tiketi za matamasha Marekani ulipanda kwa asilimia 82, ilhali bei za bidhaa na huduma kwa jumla zilipanda kwa asilimia 17 tu. Mwendo huo haukusimama. Jarida la Pollstar, linalofuatilia biashara ya maonyesho, linaonyesha kwamba katika ziara 100 zinazoongoza duniani wastani wa tiketi ulikuwa dola 96.17 mwaka 2019, kabla ya janga la korona. Mwaka 2022 ulifika dola 106.07, mwaka 2023 ukaruka hadi dola 130.81, na mwaka 2024 ukawa dola 135.92. Hilo ni ongezeko la asilimia 41 ndani ya miaka mitano, wakati mfumuko wa bei Marekani katika kipindi hicho ulikuwa takriban asilimia 23. Ikumbukwe pia kwamba huo ni wastani, na kwamba aghalabu hauhesabu ada za ziada wala bei ya walanguzi.

Sababu ya kwanza inayotajwa ni gharama, nayo ina ukweli wake. Mwaka 1966 wanauchumi William Baumol na William Bowen walieleza tatizo ambalo sanaa za jukwaani haziwezi kulikwepa. Kiwanda kikipata mashine mpya, mfanyakazi mmoja anaweza kutengeneza viatu mara kumi ya alivyotengeneza babu yake, lakini kipande kilekile cha fidla nne bado kinahitaji wapigaji wanne na muda uleule. Mishahara ikipanda kote, gharama ya fidla hupanda bila kupunguzwa na mashine yoyote. Juu ya hapo, ziara za sasa hubeba malori kwa makumi, skrini kubwa kama nyumba, mafundi wa umeme, walinzi na bima. Sababu ya pili ni kuporomoka kwa mapato ya kurekodi. Mwaka 1999, mwaka ambao huduma ya Napster ilianza kuwawezesha watu kugawana nyimbo bure kwenye intaneti, mauzo ya muziki uliorekodiwa Marekani yalikuwa takriban dola bilioni 14.6. Kufikia mwaka 2014 yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu. Mwanamuziki David Bowie aliliona hilo mapema. Mwaka 2002 alitabiri kwamba muziki utakuwa kama maji ya bomba au umeme, na kwamba wanamuziki wajiandae kuishi kwa kusafiri na kupiga jukwaani. Onyesho lililokuwa tangazo la kuuzia santuri limegeuka kuwa bidhaa yenyewe.

Sababu hizo mbili zinaeleza kwa nini bei ipande. Hazielezi kwa nini tiketi ya eneo moja, usiku mmoja, iwe na bei mbili zilizopishana kwa zaidi ya maradufu. Malori hayakuongezeka wakati mashabiki wa Oasis wakiwa kwenye foleni, wala mishahara ya mafundi haikupanda kati ya asubuhi na mchana. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilipochunguza mauzo yale, ilikuta kwamba tiketi za kusimama ziligawanywa katika mafungu mawili ya bei. Fungu la bei nafuu lilipokwisha, la bei ya juu likafunguliwa, bila waliokuwa wakisubiri kuelezwa mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa. Ilikuta pia kwamba baadhi ya viti vilivyopewa jina la platinamu viliuzwa karibu mara mbili na nusu ya bei ya kawaida, bila wanunuzi kuelezwa vya kutosha kwamba hakuna faida ya ziada wanayoipata. Mteja alidhani analipia kiti bora, kumbe alikuwa analipia jina. Katika mauzo mengine bei hubadilishwa kulingana na wingi wa wanaotaka, na kwa njia hiyo baadhi ya viti vya ziara ya Bruce Springsteen vilipita dola 4,000 mwaka 2022. Huyu ni mwimbaji aliyejijengea jina kwa kuimba maisha ya wafanyakazi wa viwandani.

Kabla hata ya bei hiyo, kuna viti ambavyo umma hauvioni kabisa. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York ilitoa ripoti mwaka 2016 iliyoonyesha kwamba katika matamasha yaliyopendwa sana, ni wastani wa asilimia 46 tu ya tiketi iliyouzwa wazi kwa watu wote. Zilizobaki zilikwenda kwa watu wa ndani ya biashara au katika mauzo ya awali kwa makundi maalumu, kama wenye kadi fulani za benki. Hicho kidogo kilichouzwa wazi nacho kiligombewa na programu za kompyuta zinazonunua kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiifikii. Ripoti hiyo ilitaja mlanguzi mmoja aliyenunua tiketi 1,012 za onyesho moja la bendi ya U2 ndani ya dakika moja, ingawa kila mnunuzi aliruhusiwa tiketi nne tu. Kisha huja ada. Mwaka 2018 Ofisi ya Ukaguzi ya Serikali ya Marekani ilikadiria kwamba ada za wauzaji wa kwanza zilikuwa wastani wa asilimia 27 ya bei ya tiketi, na za wanaouza tena asilimia 31. Kwa miaka mingi ada hizo zilijitokeza mwisho kabisa, mteja akiwa ameshachagua kiti na kuingiza namba ya kadi yake.

Kwa nini soko lenye wateja wenye hasira kiasi hiki halimleti mshindani wa kuuza kwa uwazi? Jibu liko kwenye mikataba. Kampuni ya Ticketmaster huingia mikataba ya miaka mingi na kumbi na viwanja, ikipewa haki ya kuuza tiketi zote peke yake, na wenye kumbi hupata sehemu ya ada. Mwaka 1994 bendi ya Pearl Jam ilijaribu kufanya ziara yenye tiketi za chini ya dola 20 na ada isiyozidi asilimia 10, ikashindwa kupata kumbi za kutosha, ikalalamika Wizara ya Sheria, na wawili kati ya wanamuziki wake wakatoa ushahidi mbele ya Bunge. Mwaka uliofuata uchunguzi ulifungwa bila kesi. Mwaka 2010 serikali iliruhusu Ticketmaster iungane na Live Nation, kampuni kubwa ya kuandaa matamasha. Mei 2024 Wizara hiyohiyo ikaishtaki kampuni iliyozaliwa na muungano huo, ikidai kwamba inasimamia zaidi ya wasanii 400, inamiliki au kudhibiti kumbi zaidi ya 265 Amerika Kaskazini, na inashika asilimia 80 au zaidi ya mauzo ya kwanza ya tiketi katika kumbi kubwa. Kampuni ilikanusha, ikasema wasanii ndio wanaopanga bei na kwamba faida yake ni ndogo. Lakini ziara ya mwimbaji Taylor Swift iliyoanza Machi 2023 inaonyesha uzito wa mikataba hiyo. Mwandaaji wake alikuwa AEG, mshindani mkuu wa Live Nation, na bado tiketi nyingi ziliuzwa kupitia Ticketmaster. AEG ilieleza kwamba kumbi zilikuwa zimefungwa na mikataba hivyo haikuwa na hiari. Mauzo ya awali yalipofunguliwa tarehe 15 Novemba 2022 mfumo ulizidiwa, na mauzo ya wazi kwa umma yakafutwa. Pale ambapo hata mshindani hana pa kupita isipokuwa dukani kwa mwenzake, ni vigumu kusema kwamba soko ndilo lililoamua bei.

Pingamizi lenye nguvu zaidi hutoka kwa wanauchumi, nalo halistahili kubezwa. Wanasema viti ni vichache na wanaovitaka ni wengi, kwa hiyo lazima kuna mtu atakayeivuna ile bei ya juu. Msanii akiuza kiti kwa dola 50 wakati wapo walio tayari kulipa 500, mlanguzi atakinunua na kuweka kibindoni ile tofauti. Afadhali basi pesa hiyo aichukue msanii aliyetoka jasho. Ni kweli kwamba kiingilio cha chini hualika walanguzi, na kwamba mlanguzi hastahili hata senti. Lakini hoja hii inachukulia ulanguzi kama mvua, kitu kisichozuilika, ilhali ulanguzi unategemea kanuni ambazo watu wameziandika na wanaweza kuziandika upya. Ireland ilipitisha sheria mwaka 2021 inayokataza kuuza tena tiketi za matukio maalumu kwa bei inayozidi ya awali. Serikali ya Uingereza ilitangaza Novemba 2025 kwamba nayo itapiga marufuku ulanguzi wa namna hiyo. Isitoshe, Ticketmaster hupata ada tiketi inapouzwa mara ya kwanza na hupata ada nyingine tiketi hiyohiyo inapouzwa tena kupitia kwake. Anayefaidika kila tiketi inapobadilisha mikono hana haraka ya kuwafukuza walanguzi.

Mfano wa bendi ya The Cure mwaka 2023 unajibu pingamizi hilo kwa vitendo. Mwimbaji wake, Robert Smith, alikataa bei zinazobadilika na akaweka baadhi ya tiketi za Marekani kwa dola 20. Tiketi hazikuruhusiwa kuhamishwa kwenda kwa mtu mwingine, na aliyeshindwa kwenda aliweza kuiuza kwa bei ileile aliyonunulia, isipokuwa katika majimbo machache kama New York ambako sheria zinalinda haki ya kuhamisha tiketi. Ziara ilifanyika na kumbi zikajaa. Kilichokaribia kuiharibu nia hiyo njema ni ada, maana kuna mashabiki waliotozwa ada zinazozidi tiketi yenyewe. Smith alipolalamika hadharani, Ticketmaster ilikubali kuwarudishia wenye tiketi za bei ya chini dola 10 kila moja, na wengine dola 5. Tukio hilo linafundisha mambo mawili kwa pamoja. Bei nafuu inawezekana pasipo kuwanufaisha walanguzi, na zile ada zilizosemwa kuwa za lazima ziliweza kupunguzwa ndani ya siku chache baada ya mtu mwenye jina kuuliza maswali.

Wapo watakaosema tamasha ni anasa, si mkate wala dawa, na asiyeweza akae nyumbani asikilize redio. Mtu anaweza kweli kuishi bila kumwona msanii ampendaye. Lakini msikilizaji wa tamasha si sawa na mnunuzi wa gari la kifahari, kwa sababu yeye mwenyewe ni sehemu ya kile kinachouzwa. Uwanja wa watu elfu sitini wanaoimba kibwagizo kwa sauti moja ndio onyesho, na msanii akipiga mbele ya viti vitupu hakuna atakayelipa hata kumi. Wapenzi wa taarab wanalijua hili bila kufundishwa. Mtu anainuka, anacheza taratibu mpaka mbele ya mwimbaji, anamtunza kwa kiasi alichoguswa, na kule kutunza kunakuwa sehemu ya wimbo. Anatoa kwa hiari yake, mbele ya macho ya watu, baada ya kusikia. Bei inayopanda kwenye simu nayo inadai kupima mapenzi ya mshabiki, ila inayapima kwa siri na kabla hajasikia hata noti moja. Matokeo yake, wanaojaza viti vya mbele ni wenye uwezo, na vijana waliokuwa wakiunda kelele na ari ya ukumbi wanabaki nje. Na pesa hizo hazishuki hadi kwa wanamuziki wadogo. Krueger alikadiria kwamba asilimia moja ya wasanii wa juu kabisa, waliochukua asilimia 26 ya mapato ya matamasha mwaka 1982, walikuwa wakichukua asilimia 60 mwaka 2017. Familia iliyolipia usiku mmoja wa nyota mkubwa kwa akiba ya miezi itapita mbali na ukumbi mdogo ambako nyota wa kesho anapiga.

Wala wasanii wakubwa hawawezi kujificha nyuma ya makampuni. Swift hakutumia bei zinazobadilika, na ziara yake ya maonyesho 149 bado iliingiza zaidi ya dola bilioni 2 kutoka kwa watu zaidi ya milioni 10. Wengine waliokubali bei hizo walikuwa na uwezo wa kuzikataa. Hata hivyo mzigo huu haufai kuachwa kwenye huruma ya msanii mmoja mmoja, kwani mwenye moyo mzuri akistaafu, wema wake huondoka naye. Kanuni hubaki. Tangu tarehe 12 Mei 2025, Tume ya Biashara ya Marekani inamtaka anayeuza tiketi za maonyesho aonyeshe bei kamili pamoja na ada tangu mwanzo. Septemba 2025 Ticketmaster iliahidi mamlaka ya Uingereza kuwaarifu wateja saa 24 kabla ya mauzo iwapo tiketi zitauzwa kwa mafungu ya bei. Hizo ni hatua ndogo, lakini zote zinamrudishia mnunuzi kitu kilekile, yaani nafasi ya kujipima kabla ya kujipanga.

Haya yanatuhusu Afrika Mashariki kwa sababu tunaelekea hukohuko kwa mwendo wetu. Kigali imekuwa na ukumbi mkubwa wa watu wapatao 10,000 tangu mwaka 2019, ambako Kendrick Lamar alipiga Desemba 2023 na John Legend Februari 2025, na tiketi za simu zinachukua nafasi ya zile za karatasi katika miji yetu. Tunazo pia busara za kwetu. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, hutoza wenyeji kiingilio kidogo kuliko wageni wa kutoka nje, na tofauti hiyo haifichwi. Tamasha hilohilo linatukumbusha kwamba nafuu ina mlipaji wake, kwani mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Kwa hiyo hakuna anayepaswa kudai viingilio vya bure huku akiwataka wanamuziki wale hewa. Kwenye mabasi ya mikoani Tanzania tulishakubali kwamba mwisho wa mwaka, abiria wanapojaa stendi, uhitaji wao si ruhusa ya kuwakamua, ndiyo maana kuna nauli elekezi inayojulikana na abiria anaweza kuidai. Tamasha halihitaji bei elekezi ya serikali, maana muziki si usafiri, lakini linahitaji sehemu ya desturi hiyo: bei yote itajwe kabla ya mauzo kufunguliwa, idadi ya viti vinavyouzwa kwa umma ijulikane, tiketi iuzwe tena kwa bei isiyozidi ya awali, na viwanja vilivyojengwa kwa fedha za wananchi visifungwe kwa mkataba wa muuzaji mmoja.

Ni rahisi zaidi kuandika kanuni hizo sasa, wakati waandaaji wetu bado ni wengi na wanashindana, kuliko kusubiri kama Marekani ilivyosubiri miaka 30 tangu Pearl Jam walipolalamika hadi kesi ya mwaka 2024 kufunguliwa. Mshabiki haombi kupewa muziki bure. Anaomba aone kiasi chote kikiwa kimeandikwa chini ya picha ya msanii, akihesabu na nauli ya kurudi nyumbani usiku, aamue mwenyewe kama atakwenda, na akifika mlangoni akute kiingilio ni kilekile.